Herufi za Zamani kwenye Bango la Leo: Mwongozo wa Kuchagua na Kutumia Fonti za Mbwembwe

Umepewa kazi ya kutengeneza bango la usiku wa zilipendwa, au lebo ya chupa za asali, au maandishi ya fulana za ukoo. Umefungua programu, umeshuka kwenye orodha ya fonti mpaka mwisho, na macho yamechoka. Kila fonti ikiwa peke yake inapendeza. Ukiiweka kwenye kazi yako inakaa kama nguo ya kuazima. Mwongozo huu utakusaidia kuchagua inayofaa, kuipanga vizuri, na kuifikisha kwa mchapaji bila kuharibika njiani. Si lazima uwe msanii. Simu yenye Canva inatosha kwa sehemu kubwa ya kazi hii.

## Kwa nini uijue asili ya herufi

Fonti ya kitabu imeundwa ili msomaji aisahau, abaki na habari. Fonti ya mbwembwe ina kazi nyingine: ionekane kwanza, imsimamishe mpita njia, imwambie kama ni sherehe au ni biashara kabla hajasoma neno lenyewe. Ndiyo maana kila mkunjo wake una sababu, na mara nyingi sababu hiyo ni kifaa kilichoizaa: ubao, brashi, mrija wa kioo, vidoti vya skrini.

Ukishakijua kifaa, umepata majibu ya maswali matatu kwa mkupuo mmoja. Herufi hii inasomeka kutoka umbali gani? Inavumilia neno refu? Inamkumbusha msomaji zama zipi? Anayechagua kwa kutazama uzuri peke yake ndiye anayeishia kuweka herufi za kauboi kwenye tangazo la zahanati.

## Koo chache za kuzifahamu

Herufi za mbao. Mwanzoni mwa karne ya 19 matangazo ya biashara yalianza kugombea nafasi kwenye kuta za London na New York. Herufi za risasi zilizotosha kitabu hazikufaa kwa bango: zikiwa kubwa zilikuwa nzito na ghali, na zilipoa vibaya kwenye kalibu. Mwaka 1827 Darius Wells wa New York alipata njia ya kuchonga herufi za mbao kwa mashine, na mwaka uliofuata akatoa katalogi yake. Mwaka 1834 William Leavenworth akaongeza pantografu, kifaa kinachofuatisha umbo moja na kulichonga kwa ukubwa mwingine. Sasa herufi iliweza kubanwa ikawa nyembamba kabisa, au kutanuliwa ikawa pana.

Tazama bango lolote la zama zile utaona mchezo wake: kila mstari umejaa kutoka ukingo hadi ukingo. Neno refu limepewa herufi nyembamba, neno fupi limepewa herufi pana, na maneno madogo ya katikati yamepewa mapambo. Huu, kwa maoni yangu, ndio urithi wenye manufaa zaidi kwa anayeandika Kiswahili, kwa sababu maneno yetu ni marefu na hayalingani. Zama hizo hizo, mwaka 1821, kampuni ya Caslon & Catherwood ya London ilitoa herufi zilizopinduliwa: palipotakiwa kuwa pembamba pakawa panene. Lengo lilikuwa kumshtua msomaji tu, na kutoka kwenye wazo hilo zikaja zile tunazoziita herufi za kauboi. Kwenye tovuti ya Google Fonts tafuta Rye, Sancreek au Ultra. Zinafaa kwa minada, nyama choma, kahawa, useremala, na kazi yoyote inayotaka kunukia mbao na moshi.

Herufi nono. Oswald Bruce Cooper, mchoraji wa herufi wa Chicago, alitoa Cooper Black mwaka 1922 kupitia kampuni ya Barnhart Brothers & Spindler. Itazame kwa karibu. Haina kona hata moja. Hata nyayo za herufi, pale zinapokanyaga mstari, zimeviringwa. Kwa sababu hakuna mguu ulionyooka, herufi ikipanda au kushuka kidogo wakati wa kuchapa, jicho halioni kosa. Uvumilivu huo ndio ulioifikisha mbali. Mwaka 1966 ilikaa kwenye jalada la santuri ya Pet Sounds ya Beach Boys. Miaka ya 1970 ikabandikwa kwa pasi kwenye fulana. Leo iko kwenye ndege za easyJet. Ina ukarimu wa kweli ndani yake, na wakati huo huo ni nzito kiasi cha kushinda picha iliyo nyuma yake.

Cooper Black huja na Microsoft Office kwenye kompyuta nyingi. Ukitaka ya bure ya ukoo huo, jaribu Caprasimo au Fraunces. Fraunces imechota kutoka fonti za zamani za Cooper, Windsor na Souvenir, na ina swichi ya kuongeza au kupunguza ulaini wa kona zake.

Herufi za jazi na sinema. Maonyesho makubwa ya Paris ya mwaka 1925 ndiyo yaliyokuja kuupa mtindo wa Art Deco jina lake. Herufi zake zimejengwa kwa rula na bikari: duara kamili, mstari mnene mmoja na mwembamba mmoja, kiuno kimepandishwa juu au kushushwa chini. Morris Fuller Benton aliunda Broadway huko Marekani mwishoni mwa miaka ya 1920. Ufaransa, mwaka 1929, A. M. Cassandre alitoa Bifur, ambayo sehemu ya kila herufi imeondolewa na nafasi yake kujazwa mistari myembamba. Mtindo huo ulifika hadi kwetu kwa njia ya majengo. Jengo la sinema la Majestic mjini Zanzibar ni mfano wake. Fonti za kujaribu ni Limelight na Poiret One. Angalizo: Poiret One ina mstari mwembamba mno, hupotea kabisa kwenye turubai la barabarani.

Herufi zinazoyeyuka. Mwaka 1966 Wes Wilson alikuwa akichora mabango ya maonyesho ya muziki ya ukumbi wa Fillmore, San Francisco. Alivutiwa na kazi za Alfred Roller, msanii wa Vienna wa mwanzoni mwa karne ya 20, ambaye alitanua kila herufi mpaka ikajaza kisanduku chake. Wilson akazipinda, akazifanya zifuate umbo la moto, la nywele, la mwili. Mwenzake Victor Moscoso, aliyesoma rangi kwa Josef Albers katika chuo cha Yale, aliweka pamoja rangi zinazogombana, nyekundu juu ya buluu ya nguvu iliyo sawa nayo, mpaka maandishi yakaonekana yanatetemeka. Mabango hayo yalikuwa magumu kusomeka kwa makusudi: kijana alisimama dakika nzima kuyafumbua, na aliyeyafumbua alijiona wa ndani. Kwa hiyo uamuzi ni rahisi. Kama msomaji wako ana dakika nzima, kwa mfano jalada la albamu au fulana, tumia. Kama anapita kwa bodaboda, acha.

Nyingine kwa haraka. Mwandiko wa brashi, kama Lobster na Pacifico, umetokana na mafundi wa kuandika mabango ya maduka. Herufi zake zimeshikana mikono. Herufi za neoni zina unene mmoja na kona za mviringo kwa sababu mrija wa kioo haukunjiki kwa kona kali. Tilt Neon ni mfano. Herufi za pikseli, kama Press Start 2P, zimetoka kwenye mashine za michezo za miaka ya 1980, ambako kila herufi ilikaa ndani ya vidoti 8 kwa 8; zitumie kwa ukubwa wa 8, 16, 24 au 32, vinginevyo kingo zake hufifia. Na Comic Sans, ambayo Vincent Connare aliiunda Microsoft mwaka 1994, ilichorwa kwa ajili ya maneno ya mbwa wa katuni kwenye kompyuta. Kwenye puto la katuni au kitabu cha watoto iko nyumbani. Kwenye tangazo la tanzia inaumiza waliofiwa.

Na za kwetu. Usiishie kwenye orodha ya kompyuta. Itandaze kanga: pindo limejaa maua, mji umejaa michoro, lakini jina limeandikwa kwa herufi kubwa tupu, zisizo na pambo. Ni mpangilio uliokomaa kwa miaka mingi, nao una somo kwa mbunifu yeyote: picha ikiwa na kelele, herufi zinyamaze. Vilevile mafundi wa brashi wanaoandika kwenye maduka, mashua, daladala na matatu wana maumbo ambayo hakuna fonti inayoyafikia. Kama bajeti inaruhusu, mlipe fundi aliandike neno lako kwa mkono, lipige picha penye mwanga wa kutosha, ulitumie kama nembo. Utakuwa na kitu ambacho hakuna mwingine anacho.

## Ipime fonti kwa Kiswahili

Fonti nyingi za mbwembwe zilichorwa na watu wenye maneno mafupi. Kabla ya kuipenda, ipe mtihani wetu.

Anza na herufi *a*. Neno *tunawakaribisha* lina herufi 15, na nne kati yake ni *a*. Kama *a* ya fonti hiyo ina mkia mrefu au kitanzi cha ajabu, mapambo yatajirudia mara nne kwenye neno moja na mstari utachosha. Kisha tazama *k*, *w*, *m*, *n* na *i*. Usishawishiwe na Q nzuri iliyo kwenye tangazo la fonti, hutaitumia.

Halafu jaribu ritifaa. Andika *ng'ombe* na *kung'ara*. Kwenye fonti nyingi za zamani ritifaa inaacha pengo pana, neno linasomeka kama maneno mawili. Kwenye nyingine haipo kabisa, kisanduku kitupu kinajitokeza. Mwisho, andika tarakimu zote. Je, 1 na 7 zinatofautiana? 3 na 8? Sifuri na O?

Sentensi moja inatosha kwa mtihani wote:

> Wanamuziki wakongwe wang'ara Mwanza 0123456789

## Hatua kwa hatua

Tuchukue bango la usiku wa zilipendwa, muziki wa dansi wa miaka ya 1970, litakalobandikwa ukutani na kutumwa kwa WhatsApp.

1. Andika kazi ya bango kwa sentensi moja, kwa kalamu. Nani atalisoma, akiwa wapi, na ajisikie nini. Mfano: "Watu wa makamo, wakiwa kituoni au kwenye simu, wajisikie wanaitwa kwenye uwanja wa dansi."

2. Chagua zama, kisha ukoo. Miaka ya 1970 inaelekeza kwenye herufi nono. Ungeandaa usiku wa sinema za kale, ungekwenda kwenye Art Deco. Zama zikishachaguliwa, rangi na picha zizifuate hizo hizo.

3. Teua fonti tatu tu, uziandikie neno lako halisi. Usizihukumu kwa sampuli ya tovuti. Weka *Zilipendwa* kwa Caprasimo, kwa Cooper Black, na kwa Shrikhand, fonti ambayo Jonny Pinhorn aliitoa kwenye maandishi ya mkono ya mitaa ya Gujarat.

4. Linganisha herufi kubwa na ndogo. Hapa ndipo wengi huharakisha. ZILIPENDWA kwa herufi kubwa ni tofali: kimo kimoja kuanzia mwanzo hadi mwisho. *Zilipendwa* kwa herufi ndogo lina mwendo: Z na l zimesimama, nukta mbili za i zinadunda juu, p inashuka, d inainuka, kisha w na a zinatulia. Kwa fonti nono, nukta hizo mbili ni pambo tosha, huna haja ya kuongeza nyota wala maua. Neno lingine laweza kukupa jibu la kinyume, kwa hiyo jaribu yote mawili kila mara.

5. Rekebisha nafasi kati ya herufi kwa jicho. Fonti nono hupenda kukaribiana. Punguza nafasi mpaka zikaribie kugusana. Fonti nyembamba za Art Deco hupenda hewa, ongeza. Kwa herufi kubwa, W na A huacha pengo katikati kwa sababu mistari yao imelala upande mmoja, zisogeze zenyewe. Ritifaa ya *ng'* nayo ivute karibu.

6. Tafuta fonti tulivu ya kubeba maelezo. Fonti ya mbwembwe ibebe neno moja hadi manne. Tarehe, ukumbi, kiingilio, namba ya simu na namba ya malipo viandikwe kwa fonti nyoofu isiyo na pambo. Namba ya simu isiyosomeka ni fedha iliyopotea.

7. Pima kimo kwa umbali. Kipimo kinachotumiwa na watengeneza mabango ni sentimita 2.5 za kimo cha herufi kwa kila mita 3 za umbali. Bango litakalosomwa ng'ambo ya barabara ya mita 12 linahitaji herufi za sentimita 10. Fonti yenye mapambo mengi ipandishe zaidi ya hapo.

8. Jaribu kwa udogo na kwa weusi. Punguza bango mpaka liwe na upana wa kidole gumba, kwa sababu ndivyo litakavyoonekana kwenye orodha ya picha za simu. Kisha liondoe rangi zote. Kama jina bado linasomeka kwa nyeusi na nyeupe, rangi zitasaidia. Kama halisomeki, rangi hazitaliokoa.

9. Peleka kazi ikiwa imefungwa. Badilisha maandishi yawe michoro kabla ya kuhifadhi PDF. Kompyuta ya mchapaji isipokuwa na fonti yako huweka nyingine bila kukuuliza. Bakiza nakala yenye maandishi ya kawaida, maana baada ya kuyageuza hutaweza kusahihisha hata herufi moja.

> KISANDUKU: MAKOSA YANAYORUDIWA SANA
>
> Mwandiko wa brashi kwa herufi kubwa tupu. Andika "MAMA LISHE" kwa Lobster na uone: herufi kubwa hazikuchorwa kushikana, zinagongana. Andika "Mama Lishe".
>
> Kuvuta herufi. Neno halijai, mtu anashika ukingo wa pembeni na kulivuta. Mistari ya wima inanenepa, ya mlalo inabaki ilivyokuwa, umbo linavunjika. Fanya walivyofanya wachapaji wa mbao: chukua fonti nyingine iliyo pana tangu kuchorwa.
>
> Fonti tatu za mbwembwe kwenye bango moja. Kila moja inadai kutazamwa. Bango la mtindo wa herufi za mbao ndilo pekee linalostahimili, na hata hapo herufi zote ziwe za zama moja.
>
> Kivuli juu ya kivuli. Mwanga utoke upande mmoja. Fonti yenye kivuli chake isiongezewe kingine.
>
> Herufi za wima zilizorundikwa ovyo. Kwa bango la kusimama wima tumia fonti iliyoandaliwa kwa kazi hiyo, kama Bungee ya David Jonathan Ross, iliyoundwa kwa mabango ya mjini. I na W hupishana sana kwa upana, na fonti ya kawaida ikisimamishwa huyumba.

## Leseni: usiruke sehemu hii

Mchoraji wa herufi anaweza kutumia miezi kadhaa kwenye fonti moja. Tovuti nyingi huandika "bure" kwa herufi kubwa, kisha kwa herufi ndogo "kwa matumizi binafsi tu". Bango lenye kiingilio, lebo ya bidhaa na fulana ya kuuza si matumizi binafsi.

Njia salama kwa mwenye bajeti ndogo ni fonti zenye leseni ya SIL Open Font License, na nyingi za Google Fonts ziko chini yake. Leseni hiyo inakuruhusu kutumia fonti kwenye kazi ya biashara bila malipo, kuipachika kwenye PDF, hata kuirekebisha. Haikuruhusu kuliuza faili la fonti peke yake. Kwa fonti ya kununua, soma kama leseni inahusu nembo na bidhaa za kuuza, si chapisho la kawaida tu. Na mteja akikuomba umtumie faili la fonti uliyonunua, mwelekeze akanunue yake.

## Orodha ya ukaguzi kabla ya kuchapa

☐ Naweza kusema kwa sentensi moja fonti hii imetoka zama gani na kifaa gani.

☐ Zama za herufi, rangi na picha zinakubaliana.

☐ Neno halisi limejaribiwa kwa herufi kubwa na kwa herufi ndogo.

☐ Ritifaa ya *ng'* ipo na haijaacha pengo.

☐ Fonti ya mbwembwe imebeba maneno yasiyozidi manne.

☐ Namba ya simu na ya malipo zimesomwa kwa sauti na mtu mwingine, na zimepigwa kuhakikisha.

☐ Hakuna herufi iliyovutwa.

☐ Bango limetazamwa likiwa na upana wa kidole gumba, na likiwa halina rangi.

☐ Ukurasa mmoja umechapwa kwa ukubwa halisi wa herufi, ukabandikwa ukutani, ukasomwa kutoka umbali wake.

☐ Maandishi yamegeuzwa kuwa michoro, na nakala ya kusahihisha imebaki.

☐ Faili la leseni limehifadhiwa kwenye folda moja na kazi, na jina la aliyeichora fonti limeandikwa humo.